Bidii na Mkono Usiotii

Tangu utoto wetu twafundishwa kwamba bidii hushinda kila jambo. Nyumbani twaambiwa, ajizi nyumba ya njaa. Shuleni twaambiwa, kinolewacho hupata. Na sisi tulio walimu, tukisimama mbele ya watoto, twayarudia maneno yale yale, maana tumeyaona kuwa kweli: mtoto asiyejua hesabu leo, akirudia na kurudia, mwisho hujua. Hatutaki kulikana fundisho hilo hata kidogo. Lakini mwezi huu twapenda kuuliza swali ambalo mara nyingi hatuliulizi. Je, iko hali ambayo bidii yenyewe haifai kitu, tena huzidisha madhara? Na ikiwa iko, tumhukumuje mtu aliyefikwa nayo, na yeye ajihukumuje mwenyewe?

Swali hili latuhusu sote, kwa kuwa kila mtu ana kazi ambayo kwayo hujulikana na watu. Huyu ni fundi seremala, huyu ni mshoni, huyu ni mpiga kinanda kanisani. Siku kazi ile ikimkataa, hupotewa na riziki, na pengine hupotewa na jina pia. Ili tulifikiri jambo hili vizuri tutachukua mfano mmoja ulio wazi, nao ni ugonjwa unaowapata wapiga muziki.

Mfikirini mtu aliyepiga kinanda tangu utoto wake. Kila siku hukaa saa nyingi akizirudia nyimbo zake, na vidole vyake hukimbia juu ya vibao kama maji yateremkayo mlimani. Siku moja aona kidole kimoja kimechelewa kidogo. Adhani ni uchovu. Kesho yake chachelewa tena. Baada ya miezi kadha wa kadha kidole kile, badala ya kunyoka, chajikunja ndani ya kiganja bila kuamriwa, na cha jirani chafuata. Hana jeraha wala uvimbe. Mara nyingi hana hata maumivu. Akiondoka kwenye kinanda, mkono ule ule wafunga vifungo vya shati, washika kijiko, washika jembe, wamsalimu rafiki, wala hakuna kasoro. Akirudi kwenye kinanda, vidole vyajikunja tena. Mkono watii katika kazi zote, ila katika kazi moja tu, nayo ndiyo aipendayo kuliko zote.

Ugonjwa huu waganga huuita distonia. Ziko distonia za namna nyingi, na nyingine huenea mwili mzima. Lakini hii hushika mahali pamoja tu, na mara nyingi katika kazi moja tu. Huwapata wapiga piano, wapiga fidla, wapiga gita, na hata wapiga ngoma. Wapulizao tarumbeta na filimbi huweza kushikwa midomoni, midomo ikakataa kukaa mahali pake. Waganga hukadiria kwamba katika kila wanamuziki mia waishio kwa kazi hiyo, mmoja hupatwa, au wawili.

Wala si wanamuziki peke yao. Sisi tushindao na kalamu mkononi yatupasa kusikia pia. Mwaka 1713 mganga mmoja Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika habari za maradhi ya makarani na waandishi. Akamtaja mwandishi mmoja aliyeandika siku zote za maisha yake kwa ujira mzuri. Kwanza mkono wake wa kulia ulichoka, dawa zisimfae, na mwisho ukapooza kabisa. Mtu yule hakukata tamaa, akajizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto. Na baada ya muda mkono wa kushoto nao ukashikwa vilevile. Leo waganga wanaijua distonia ya mkono wa kuandikia, na wengi waona kwamba habari ile ya kale yafanana nayo.

Sasa, asili yake ni nini? Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba ni hofu tu, au udhaifu wa nafsi, kwa sababu mkono ukitazamwa haukuonekana na dosari. Lakini tangu miaka ya 1980 waganga wengi wamekubali kwamba shida imo ndani ya ubongo. Katika ubongo kila kidole kina mahali pake, kama vile kijijini kila mtu ana shamba lake. Mashamba hayo yamepakana, na maadamu mipaka ni wazi, kila mwenye shamba hulima lake. Kwa watu wenye ugonjwa huu, waganga wamepima wakaona kwamba mipaka imefifia: shamba la kidole cha nne limeingia katika shamba la kidole cha tano. Kwa hiyo amri ipelekwayo kwa kidole kimoja hupokewa na viwili, na misuli inayokunja hushindana na misuli inayonyosha. Hata ngozi ina sehemu yake katika jambo hili, kwa maana wako wagonjwa ambao wakivaa glavu nyembamba hupiga vizuri kidogo kwa muda, kama kwamba ubongo umepokea habari mpya kutoka vidoleni.

Na mipaka hufifiaje? Hapa ndipo penye jambo la kututia mashaka. Kurudia kitendo kimoja mara elfu na elfu, kwa haraka na kwa usahihi mwingi, ni moja ya mambo yanayohusika. Mambo mengine yamo pia: wengine wamezaliwa na mwelekeo huo, na wengine wana hofu nyingi ya kukosea. Tena wanamuziki wengi hujizoeza vivyo hivyo maisha yao yote wasipatwe na neno. Basi si haki kusema kwamba bidii ndiyo iliyomharibu mtu huyu. Lakini ni kweli kwamba ugonjwa uliingia kwa mlango ule ule aliokuwa akiingilia yeye kwenda kazini kila siku.

Katika watu waliojulikana kwa kupatwa na ugonjwa huu, hakuna ambaye habari zake zimeelezwa kwa wazi zaidi kuliko Leon Fleisher, Mmarekani. Alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa San Francisco. Alianza kupiga piano akiwa mtoto mdogo wa miaka minne, na alipokuwa na miaka tisa alipokewa na Artur Schnabel, mpiga piano mashuhuri wa Austria, kuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alipiga pamoja na okestra kubwa ya New York. Mwaka 1952 alishinda mashindano ya Malkia Elisabeth mjini Brussels, naye alikuwa Mmarekani wa kwanza kuyashinda. Akawa mtu wa kuitwa kila mahali, na sahani za santuri alizozipiga pamoja na okestra ya Cleveland zasikilizwa hata leo.

Mwaka 1964, alipokuwa na miaka thelathini na sita, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja. Alikuwa akijitayarisha kwa safari kubwa ya kwenda Urusi mwaka uliofuata pamoja na okestra ile ya Cleveland. Basi akafanya lile ambalo sisi sote tungalifanya, na ambalo walimu wake wote walikuwa wamemfundisha: alizidisha mazoezi. Kadiri vidole vilivyokataa, ndivyo alivyokaza. Na kadiri alivyokaza, ndivyo vilivyozidi kujikunja. Safari ya Urusi hakwenda. Alitafuta waganga wa kila namna, akachomwa sindano, akakandwa, akajaribu dawa baada ya dawa, na kwa miaka mingi hapana aliyeweza kumwambia jina la ugonjwa wake. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba huzuni ilimshika hata akafikiri kujiua.

Tusimame kidogo hapa, maana ndipo penye shina la jambo. Mtu huyu hakuwa mvivu. Lau angalikuwa mvivu, asingalifika hapo alipofika. Alikuwa na dawa moja tu aliyoijua kwa kila upungufu, nayo ni kuzidisha kazi. Na safari hii dawa ile ikawa kama kuni juu ya moto. Wazee wetu hawakuacha kulionya jambo hili. Wao waliosema kwamba kinolewacho hupata, ndio waliosema pia kwamba ngoma ivumayo sana hupasuka. Sisi huichukua methali ya kwanza tukaifanya sheria, na ya pili twaiacha kwa wenye majivuno. Kumbe methali zote mbili zataka kusikilizwa pamoja. Kisu hunolewa kikapata; lakini mtu akiona kisu chazidi kuwa butu kila anolapo, yampasa kulitazama jiwe lake na namna anavyokishika. Asiseme tu, 'Sijanoa vya kutosha.'

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili: bidii ni njema, bali si mwamuzi. Bidii ni kama punda mwenye nguvu. Akielekezwa njia njema hufikisha mzigo, na akielekezwa shimoni hufika shimoni upesi. Hata wale waganga na walimu wanaowasaidia wagonjwa wa distonia leo hawawaambii waache kazi yote. Huwaambia waanze upya, polepole sana, kidole kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza herufi, na waache mara waonapo mkunjo unarudi. Hiyo nayo ni kazi ngumu, pengine ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa humtaka bingwa awe mwanafunzi tena na kupiga sauti tatu tu mahali alipokuwa akipiga elfu. Wengi hawaiwezi, wala si kwa uvivu. Hawaiwezi kwa sababu heshima yao yaumia.

Jibu la pili lahusu lawama. Tukimwona mtu anashindwa na kazi aliyoiweza jana, ulimi wetu huwa mwepesi. Mmoja husema, amekuwa mvivu. Mwingine husema, ni hofu. Mwingine hunong'ona kwamba iko dhambi iliyofichwa, au kwamba amerogwa na aliyemwonea wivu. Na sisi walimu hatuna budi kuungama: mara ngapi tumemwambia mtoto, 'Hujafanya bidii,' kwa sababu tulimwona ameshindwa, wala hatukujua lolote juu ya saa alizokaa na kitabu chake? Tulilipima jasho lake kwa mavuno yake. Lakini mkulima ajua kwamba liko shamba lililolimwa vizuri likakosa mvua. Mtu asiyeona mvua katika habari hii atasema mkulima alilala.

Tena ubaya wa lawama ni kwamba mgonjwa mwenyewe huiamini. Hakuna mtu amlaumuye mwanamuziki mwenye distonia kama anavyojilaumu mwenyewe usiku. Hujiuliza, 'Nilikosa wapi? Nilipotoka lini?' Na kwa sababu hakuna kidonda cha kuwaonyesha watu, hufanya siri. Huchagua nyimbo zisizohitaji kidole kile. Hubadili vidole kwa werevu. Husingizia homa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini kabla ya kilio hicho mtu huweza kuishi miaka mingi peke yake na siri yake, akiogopa kwamba siku itakapojulikana hataitwa tena na mtu yeyote. Na hofu hiyo si ya bure, kwa maana ni kweli kwamba wengi hawakuitwa tena.

Alikuwako mpiga piano mwingine wa Marekani, Gary Graffman, rafiki wa Fleisher, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1928. Naye alishikwa katika mkono wa kulia, na miaka ya 1970 ilipokwisha aliacha kupiga kwa mikono miwili. Mwaka 1981 habari za mkono wake zilielezwa wazi katika gazeti la New York Times. Basi likatokea jambo la kufikiriwa: wanamuziki wengine wengi wakajitokeza kwa waganga waliokuwa wakimtibu huko Boston, kila mmoja na mkono wake, kila mmoja akidhani tangu zamani kwamba ni yeye peke yake. Tangu wakati ule waganga walizidi kuyachungua maradhi ya wapiga muziki. Mlango huo ulifunguliwa na mtu mmoja aliyekubali kuaibika mbele ya watu, na kumbe haikuwa aibu. Graffman mwenyewe baadaye alikiongoza chuo cha muziki cha Curtis, mjini Philadelphia, kwa miaka ishirini, tangu 1986.

Jibu la tatu ndilo gumu kuliko yote. Mkono ukikataa, mtu huyu ni nani sasa? Je, mpiga kinanda asiyeweza kupiga kinanda ni mwanamuziki bado?

Turudi kwa Fleisher. Baada ya miaka ya huzuni alitambua, kama alivyosimulia mwenyewe, kwamba ushirika wake na muziki ulikuwa mkubwa kuliko kupiga kwa mikono miwili. Akaanza kuzipiga nyimbo zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Na nyimbo hizo zilikuwako kwa sababu ya mateso ya mtu mwingine: Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, aliyepoteza mkono wake wa kulia katika vita mwaka 1914. Yeye hakuacha piano, bali aliwaomba watungaji wakuu wamtungie nyimbo za mkono mmoja, na katika hao Maurice Ravel, Mfaransa, alimtungia konseto iliyopigwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1932. Wittgenstein hakujua kwamba alikuwa akimwandalia meza mtu atakayekuja na njaa miaka thelathini baadaye. Fleisher akawa mwongozaji wa okestra pia, akazidi kufundisha katika chuo cha Peabody, mjini Baltimore. Na kwa kuwa hakuweza tena kumwonyesha mwanafunzi kwa mkono wake wa kulia, alilazimika kutafuta maneno ya kueleza yale ambayo zamani angeliyapiga tu. Sisi walimu twajua thamani ya jambo hilo. Mara nyingi afanyaye kwa wepesi hawezi kueleza anafanyaje.

Karne moja kabla yake, huko Ujerumani, kijana Robert Schumann, aliyezaliwa mwaka 1810, alikuwa na shauku ya kuwa mpiga piano mkuu. Alipokuwa akijifunza mjini Leipzig kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kilimwasi. Alitumia kifaa cha kukizoeza kidole, akaagizwa hata kuutia mkono ndani ya nyama ya mnyama aliyechinjwa karibuni, kwa matumaini kwamba joto lake lingemponya. Haikufaa, na mwaka 1832 tumaini la kuwa mpiga piano lilikuwa limekwisha. Waganga wa leo wangali wakibishana kama ilikuwa distonia au ugonjwa mwingine, ingawa wengi huona dalili zafanana. Lakini twajua aliyoyafanya baadaye: alianzisha gazeti la muziki mwaka 1834, na katika mwaka 1840 peke yake alitunga nyimbo za kuimbwa zaidi ya mia. Mwaka huo huo alimwoa Clara, binti wa mwalimu wake, mpiga piano hodari, na mikono ya mkewe ikazichukua nyimbo zake hadi mahali ambapo mikono yake mwenyewe haikuweza kufika. Wazee husema mkono mmoja haulei mwana. Hata nyimbo zake zililelewa na mikono ya wawili.

Walakini hapa yatupasa kujihadhari, maana ni rahisi kuzisimulia habari hizi kana kwamba hasara ilikuwa faida iliyovaa nguo nyingine. Hatusemi hivyo. Fleisher alilia miaka mingi. Mwaka 1982 alijaribu kurudi kwa mikono miwili mbele ya watu wengi mjini Baltimore. Watu walifurahi na kushangilia, lakini yeye mwenyewe alijua kwamba mkono haujapona, akaacha tena. Kusimama katikati ya shangwe na kujua peke yako kwamba si kweli, hilo si jambo dogo. Tena kwa kila mmoja aliyepata jina jipya baada ya kupoteza la kwanza, wako wengi ambao hawakuandikwa gazetini. Walipoteza mshahara, wakatafuta kazi nyingine, na kinanda kilichokuwa furaha ya nyumba kikawa kitu cha kufunikwa kitambaa. Mtu kama huyo tukimwendea na kumwambia, 'Hili limekupata kwa faida yako,' twamwongezea mzigo, maana sasa hana ruhusa hata ya kuhuzunika. Neno la kusema kwamba jeraha lake lilimzaa upya ni la mwenye jeraha. Akilisema mwenyewe tumsikilize kwa heshima, asipolisema tusimsemee.

Basi tunasema nini juu ya swali letu? Twasema kwamba kazi ya mkono ni tunda, wala si shina. Kilichomfanya Fleisher awe mwanamuziki hakikuwa vidole vyake kumi tu, bali sikio lake, kumbukumbu yake, upendo wake wa ule uzuri aliousikia tangu utotoni, na nia yake ya kuwapa wengine. Hayo yalibaki wakati vidole viwili vilipokwenda. Lakini twasema pia kwamba tunda lina thamani, na mti uliopukutishwa matunda yake huumia kweli. Mtu aweza kuyashika yote mawili: kujua kwamba yeye ni zaidi ya kazi yake, na kuililia kazi yake. Asiyelia pengine hakuipenda. Na asiyejua kwamba yeye ni zaidi ya kazi, atazikwa pamoja nayo angali hai.

Huenda msomaji ataka kujua mwisho wa Fleisher. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wake ulijulikana jina, naye akapata msaada kwa njia mbili: kukandwa kwa kina kulikolegeza misuli, na sindano za sumu ya botulini. Sumu hii ni ile ile inayotoka katika vyakula vilivyoharibika ndani ya makopo, nayo huua. Lakini ikitiwa kidogo sana katika msuli unaokaza kupita kiasi huulegeza. Nguvu yake hudumu yapata miezi mitatu, kisha hurudiwa. Haiondoi ugonjwa, wala haimfai kila mtu. Kwake yeye ilitosha kurudi polepole kwenye nyimbo za mikono miwili, na mwaka 2004 alitoa santuri aliyoiita kwa jina la 'Mikono Miwili'. Yalikuwa yamepita miaka arobaini tangu kidole kilipojikunja. Wala hakusema kwamba amepona; alisema kwamba ugonjwa ungalimo, naye aishi nao. Alifariki mwaka 2020, mwenye miaka tisini na miwili.

Kuishi nao: neno hilo twalipenda. Watu wengi hudhani kwamba mbele ya adui ziko njia mbili tu, kushinda au kushindwa. Kumbe iko ya tatu, nayo ni kukaa nyumba moja na jambo usilolitaka, ukajua tabia zake, ukajua saa zake za ukali na saa zake za upole, na bado ukalima, ukala, ukaimba. Bidii ya namna hii haionekani na watu, wala haisifiwi shuleni, lakini huenda ikawa ndiyo bidii iliyo kuu.

Basi, ndugu zetu, tuyaweke haya moyoni. Mzazi au mwalimu amfundishaye mtoto kinanda, au kazi yoyote ya mikono, asihesabu saa tu, bali amtazame mtoto. Akiona mkono wakaza, ampumzishe, wala asione kupumzika kuwa uvivu. Anayeona kidole chake kimeanza kuasi asikipige mijeledi, wala asifanye siri, bali amweleze mwenzake na kumtafuta mganga ajuaye. Na sisi tulio wazima, tukimwona mwenzetu ameondoka kwenye kinanda, tusimwulize kwanza kwa nini ameacha. Tumwandalie kiti karibu na waimbaji, maana sikio lake liko pale pale. Hujafa hujaumbika, mkono utakaokataa kesho huenda ukawa huu tunaoandikia.